Banamuke banaoga!

Leo nimepigia simu ya mujukuu wangu kelele. Simu yenyewe, ndiyo!

Alikuwa anaangalia filme mu ile simu na barafiki yake. Mwanamuke mumoja akatoka mu maji, uchi kabisa. Bon, bale bakaanza: matiti hivi, matako vile, kicheko mupaka nje.

Hapo nikasikia sauti ya mama yangu.

Miaka ya hamsini, muji yetu ingali inaitwa Stanleyville. Padri alikuwa anatuonyesha sinema mu uwanja, juu ya shuka nyeupe. Muzungu mwanamuke anaoga. Mabega tu ndio yalionekana, lakini tonton mumoja, muzee jirani yetu, akatoa neno chafu, na uwanja wote ukacheka.

Mama, muke wa muvuvi, akasimama. Akaita vile siye banamuke tulikuwa tunaita ku muto tukioga, mwanaume akikaribia:

«Papa, ngoja! Banamuke banaoga!»

Kicheko ikakufa. Bapapa bote bakageuza shingo, kama ku muto. Tonton naye.

Ah, mama yangu!

Donc leo nimeita vilevile. Batoto bamenicheka mupaka machozi.

Kisha mujukuu akalaza simu kifudifudi. Akangoja kidogo, akaniuliza mimi koko yake:

«Koko, amemaliza kuoga?»

Ninyi, mungemujibu nini?