Mume Kakonda, Kesi Yangu

Leo nimeshitakiwa kwa kumkondesha mume.

Wiki ya sita hii mimi na yeye tunajinyima wali, na kila alfajiri tunatembea mpaka Forodhani.
Yeye suruali zinamvuka.
Mimi nilipungua kilo moja, nayo ishanirudia.

Leo kaja mama yake na bakuli la bokoboko, samli inaelea.
Kamtazama mwanawe. Kanitazama mimi.
"Chakula chote unakula wewe?"
"Mama, tunakula sinia moja!"
"Ndo maana!"

Nikanyoosha mkono nionje. Akalivuta bakuli.
"Wewe mwanangu ushanawiri."

Mume wangu, mdomo umejaa: "Usisahau, kesho tunatembea."

Wenzangu, nimuache nani, mume au mizani?