Kitambaa Chekundu Kwenye Maharagwe

Maman Bibiane, jirani yetu pale Kasha, alikuwa mshonaji. Mwaka 1999 vita vilimpunguzia wateja, na macho yake yaliyozoea sindano yakahamia shambani nyuma ya nyumba. Kila asubuhi aliniita kwenye ua wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, kunisimulia aliyoyaona huko, nami nikaandika. Siku moja kinyonga alizaa vitoto kumi na viwili, kila kimoja kama ukucha. Siku hiyo hakugusa cherehani kabisa.

Lakini aliyemnyima usingizi ni kwale. Kiota cha kwanza kilivamiwa na mbwa. Cha pili kilifyekwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Cha tatu, chenye mayai sita, alikigundua kwenye majani kando ya maharagwe. Kwale alianza kuatamia tarehe 15 Oktoba. Bibiane alitaka, mara moja tu, kuona vifaranga vikitoka. Ili asije akakikanyaga wakati wa kulima, alisimika kijiti na kukifunga kipande cha kitambaa chekundu.

Jumamosi tarehe 6 Novemba, siku ya ishirini na tatu ya kuatamia, watu wa salongo walipanda mteremko wakifyeka. Walipofika kwenye maharagwe, mapanga yakasimama yote. Tangu mapigano ya mwaka uliotangulia, kijiti chenye kitambaa chekundu kilikuwa na maana moja kwetu: hapo kuna bomu ambalo halijalipuka.

"Murudi nyuma! Bombe iko pale!" alipiga kelele Papa Polycarpe, mkuu wa avenue, yaani kitongoji chetu.

Bibiane, aliyesimama nami kando ya ua, aliuma kanga asicheke. Kiota kimepona! Aliniminya mkono mpaka ukaniuma.

Kisha Polycarpe akasema, "Naenda kuita basoda. Batapiga risasi toka mbali, ilipuke."

Furaha ikamtoka usoni. Akinyamaza, kwale atapigwa risasi na wanajeshi. Akisema, watu wenye njaa watabeba mayai, na mama yao ataingia chunguni. Polycarpe alikwisha geuka kuondoka.

"Papa Polycarpe, ngoja! Kitambala ile ni yangu. Haiko bombe. Ni mayai ya kwale."

Kicheko kikalipuka.

"Batu makumi mbili na mapanga, tunakimbia mayai!" alisema Donatien, fundi seremala. "Leo nakula omelette."

"Omelette ya mayai ya siku makumi mbili na tatu, tonton?" Bibiane alimjibu. "Utatafuna miguu na mudomo!"

Walicheka tena, lakini Donatien alikwisha ingia majanini, Bibiane nyuma yake. Mara majani yakatikisika. Kwale akatoka miguuni pao akilia, na vifaranga nyuma yake, vya kahawia vyenye mistari, bado vina unyevu, vikikimbia kama shanga zilizokatika uzi. Wanaume wote wakaruka nyuma, mapanga juu.

"Musikanyage! Musikanyage!" Aliyepiga kelele hizo alikuwa Donatien, amesimama kwa mguu mmoja, kifaranga kikipita chini ya mwingine.

Bibiane alihesabu kwa sauti, akiruka kama msichana. "Tano... Jirani, sita! Andika sita!"

Niliandika. Polycarpe aliamuru upande ule uachwe mpaka mvua ziishe. Kijiti alikiacha palepale, akasema kinalinda vizuri kuliko yeye.