Ufa Nilioufunga kwa Nyundo

Mimi si mpole, na sitajisingizia upole hapa. Nimegonga bati sokoni Kibuye tangu nikiwa msichana: masanduku ya watoto wa bweni, majiko, vyombo vya kunyweshea kuku. Mteja akianza kuniambia bei ya jirani ni nafuu, namwonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Wanaume wa safu yetu wamenizoea. Wakipita asubuhi wananiuliza, "Mama, leo umeamkia upande gani?" na mimi nawajibu kwa nyundo. Kwa hiyo injinia mmoja alipofika na bati lililopasuka, amelifunga kwenye shuka kama mgonjwa, nilimwambia sirekebishi sanduku lililotengenezwa na mtu mwingine.

"Si sanduku, Mama," akasema. "Ni pua ya ndege."

Yawa! Nilicheka mpaka nikaweka nyundo chini. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kuna mzee mmoja, rubani mstaafu, aliyeikuta ndege ya zamani ya viti viwili nyuma ya ghala la mtu, kuku wanatagia ndani. Alikuwa amewahi kuirusha ndege ya aina hiyo ujanani, akipeleka dawa kandokando ya ziwa. Akainunua, na sasa walikuwa wanaifufua kipande kwa kipande. Kilichobaki ni pua, lile bati la mbele linalozunguka injini. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza tena. Injinia alikuwa amepita sokoni akaona vifuniko vya sufuria nilivyovivimbisha kwa mkono, akasimama.

Nilikwenda kuiona ndege yenyewe kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Asembo, kwa sababu sikumwamini. Injinia akafungua bati moja la ubavuni, akanipa nilishike kwa upande wa ndani. Nilipitisha vidole nikashtuka, haki ya Mungu. Alama za nyundo! Ndogondogo, zimepangana, mstari kwa mstari. Maisha yangu yote nilidhani ndege hutoka kiwandani nzima, kama yai linavyotoka kwa kuku. Kumbe kuna mtu, pengine mwenye kiburi kama changu, alikaa mahali na gogo lake akaigonga. Nilisimama pale nikiwa nimeshika lile bati, machozi yakinilenga, na nikakasirika kwa sababu injinia alikuwa ananiangalia.

"Nitaitengeneza," nikamwambia. "Na uache kuniangalia hivyo."

Akanipa masharti. Nisichore kwa penseli, kwa sababu penseli inaila alumini polepole. Nisitumie fila, lile tope wanalopaka mafundi wa magari kuficha mabonde. La tatu alilisema akiwa ameushika mkono wangu juu ya lile bati la zamani. "Ukiona ufa, Mama, hata wa unywele, sema. Hapa mbele ndipo propela inapozunguka. Kipande kikichomoka hewani kinaingia mle. Mzee hana pa kwenda ila chini."

Nikamwambia mimi si mtoto, nimesikia.

Alumini ina tabia zake. Ukiigonga inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapasuka, kwa hiyo lazima uilainishe kwa moto. Shida ni kwamba haibadiliki rangi. Chuma kinakwambia kwa wekundu kwamba kimeiva. Alumini inanyamaza, halafu inayeyuka mbele ya macho yako. Sisi tunaipaka sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Sabuni ikigeuka nyeusi, unaondoa moto. Injinia, na vyeti vyake vyote, alifurahi sana kuona kwamba na yeye alifundishwa hivyo hivyo. Basi nilikuwa napaka sabuni, napasha moto, naacha ipoe, nagonga juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mbao. Kisha napaka tena. Wiki tatu zikapita hivyo.

Injinia akaenda Nairobi kutafuta vipuri, na ndipo nilipoharibu.

Habari ilikuwa imeenea sokoni kwamba mimi natengeneza ndege. Siku hiyo wakaja kina mama wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, wa mitumba, hata muuza dawa za meno, wakanizunguka. Pua ilikuwa karibu kwisha, bado kukunja ukingo tu. Nyundo ilipoanza kutoa mlio wa juu nilijua bati limeshakuwa gumu na linataka moto. Nilijua kabisa. Lakini mama mmoja akasema, "Uwi, tazama mikono yake!" na mimi badala ya kusimama nikazidisha. Nilikuwa nataka waone ukingo ukijikunja. Ukajikunja vizuri, wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele nikasikia tik.

Ufa ulikuwa mfupi kama ukucha wa kidole changu kidogo. Walipoondoka niliinama nikauangalia. Sasa, kwa masanduku tuna dawa yake. Unaweka chuma nyuma, unaugonga ufa pande zote mbili taratibu mpaka midomo ikutane, unapiga msasa, unapaka rangi, mteja anaenda nyumbani na furaha yake. Hakuna anayeona aibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi Kibuye tunaziba. Nikauziba. Ule upande wa ndani nikaupaka rangi ya kijani aliyoniachia injinia, mikono ikienda yenyewe kama siku zote.

Injinia aliporudi akaigeuza pua juu chini, akaipapasa, akaipima. "Kazi nzuri sana, Mama. Hakuna ufa?"

"Ufa?" nikafoka. "Unaniuliza mimi ufa? Nenda basi kwa fundi unayemwamini!"

Akaomba msamaha. Nikampa.

Waliifunga ile pua, wakawasha injini ikiwa chini, mara mbili. Ngurumo yake ilinipendeza. Asubuhi ya siku iliyofuata Mzee akaja na chupa ya chai na chapati za moto, akanimiminia mwenyewe kikombe cha kwanza. "Mama," akasema, "umenirudishia ujana wangu." Nikanywa. Injinia akatangaza utaratibu: Mzee ataruka kwanza, peke yake, ndivyo majaribio yalivyo. Nikasema, "Mungu amtangulie," na nikaendelea kung'arisha bati la mlango kwa kitambaa.

"Akirudi salama anapaa tena na mtu wa pili," injinia akaendelea. "Sisi wafufua ndege tuna desturi. Wa kwanza kukalia kiti cha pili ni aliyegonga bati. Jiandae, Mama, leo unapanda."

Kitambaa kikaanguka. Nilisikia sauti ikisema, "Kuna ufa," na ilikuwa yangu. "Kuna ufa puani, chini kulia, kwenye ukingo. Niliufunga kwa nyundo nikaupaka rangi."

Injinia alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine kwa haraka mpaka mbili zikapotelea kwenye nyasi. Akakwangua rangi ya kijani. Mimi nilimwonyesha mahali nilipouacha, ufa wa ukucha. Haukuwa wa ukucha tena. Ule mtikisiko wa mara mbili tu, ndege ikiwa imesimama chini, ulikuwa umeuvuta ukapita urefu wa kidole cha kati, na ncha yake ilikuwa inaelekea juu, kwenye propela.

Injinia akaketi kwenye nyasi. Mtu mzima, akaketi kabisa. Nilingoja anitukane, na kweli nilitaka anitukane, kwa sababu matusi nayajua na ningejibu. Mzee ndiye aliyenikaribia. Alikuwa bado ameshika kikombe chake.

"Asante kwa kusema, Mama," akaniambia.

Jamani. Afadhali angenipiga kofi. Nilitembea mpaka nyuma ya banda la ndege nikatapika chai yake yote. Kilichonishtua hakikuwa ufa. Nyufa nimeziona. Nilishtuka kwa sababu iliposemwa Mzee ataruka peke yake nilimkabidhi kwa Mungu nikaendelea kung'arisha mlango, moyo wangu umetulia tuli. Ilipokuwa ni yeye, ufa ule ulikuwa mdogo. Nilipotajwa mimi ukawa mkubwa papo hapo. Na mimi ndiye yule mama anayejiambia kila siku kwamba ana mdomo mbaya lakini roho safi.

Nilitengeneza nyingine. Nilifunga kibanda kwa gunia, sikutaka mtazamaji. Kila mlio wa nyundo ulipopanda kidogo nilisimama, nikapaka sabuni, nikawasha moto, hata pale pasipohitaji. Nilipomaliza nilimwita injinia kabla ya kupaka rangi yoyote, akaikagua kwa kioo cha kukuzia jua likiwa kali, ndani na nje, nami sikufoka. Wanaume wa safu waliniuliza kama naumwa.

Mzee akaruka peke yake. Dakika zile ishirini nilisimama nimeshika mlingoti wa bendera ya upepo, sikuachia mpaka magurudumu yalipogusa nyasi. Halafu wakanifunga mikanda kwenye kiti cha pili, wakanivika hedifoni, tukapaa.

Sitasema mengi juu ya uzuri. Niliona omena zimeanikwa ufukweni Asembo, eneo zima linameta, na watu wanatupungia mikono. Macho yangu yalikuwa puani. Bati lilikuwa limetulia, propela inazunguka mbele yake, na Mzee anapiga mluzi.

Tulipokuwa juu ya maji matupu akaacha mluzi. "Mama," sauti yake ikaniingia masikioni, karibu mno, "kuna kitu kimoja nataka kukuuliza, halafu sitauliza tena. Injinia asingekwambia kwamba na wewe utapanda, ungesema?"

Jibu la kweli lilikuwepo. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo wiki zile zote. Nilimtazama, mzee wa watu, uso wake umejaa mwanga wa ziwa, ananisubiri.

"Ningesema, Mzee," nikajibu. "Lazima ningesema."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu kwa uso wote. "Nilijua," akasema. Kisha akauachia usukani wake, akanionyesha ule uliokuwa mbele yangu. "Shika wewe sasa. Usiogope, mimi nakuamini."

Nikashika.