Ponton yangu ya taa za bleu

Bandugu, ile ponton, daraja ya mbao yenye kuelea ku Lac Nzilo, yenye niliweka taa na nikajisifu nayo hapa, leo imeua.

Siku ya kuweka waya, mwenye ponton aliniuliza: «Fundi, hauweke disjoncteur ya kukata courant ya umeme ikivuja mu maji?»

Nikamucheka. «Tata, mbao haipitishake courant. Mi nilisomea Lubumbashi.»

(Nilisoma wiki mbili.)

Leo asubui pasteur alileta batu pale ku ponton kwa ubatizo. Akiwa anatoa viatu, mbwa ya mama Julienne, muuza samaki, ikamutangulia mu maji. Ikatetemeka, ikatulia.

Waya yangu ilikuwa imeangukia mule.

Nikakimbia kukata courant.

Mama Julienne akafunga mbwa yake mu kitenge chake. «Fundi, usilie. Imekufa kwa nafasi ya batu ba ubatizo.»

Hapo ndipo nililia.

Mwenye anajua ile disjoncteur aniandikie hapa. Sitacheka.