Siku Nilipoliogopa Ziwa la Gisenyi

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha shule ya usiku, nina mvi mbili kichwani, na bado niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ziwa la Gisenyi linapumua gesi watu wakilala, na kwamba mwanafunzi akilala karibu nalo anaamka amesahau kila alichosoma jana. Wala sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na Kasiani, dereva wa lori la bia, mtu mwenye saa ya mkononi na miwani, aliyeapa kwamba shemeji yake alisoma huko miaka mitatu akarudi hajui hata saba mara nane. Nikamwuliza, na samaki je? Akasema samaki ndio wabaya zaidi, maana wao wanainywa gesi yenyewe. Naona aibu kuandika haya, lakini nimechoka kuyabeba, kwa hiyo vuteni viti.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Shule yetu tuliiita ya usiku, lakini kwa sababu ya vita na amri ya kutotoka nje tulisoma alasiri, jua linatuchoma machoni, mimi nikitokea moja kwa moja kwenye duka la vyuma pale Gitega, mtaa wa Kigali, nilikopima misumari tangu asubuhi (nadhani nimepima misumari ya kutosha kupigilia Kigali nzima ardhini isiondoke). Nilipomaliza, nikajikuta na vyuo viwili. Cha Butare kilinikubali ila hakikuwa na kitanda, ningepanga mjini. Cha Gisenyi kilikuwa na kitanda kimoja tu kwa darasa letu, na mkuu wetu, Mwalimu Kalisiti, ndiye angeandika barua ya kumtambulisha mmoja wetu.

Basi nikachukua ubavu wa boksi la misumari, nikachora mstari katikati, nikaanza kupima miji. Butare: mkate mzuri, hewa kavu, watu wanaongea polepole. Gisenyi: mchanga wa kukalia, joto, muziki wa ng'ambo ya Zaire unavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Nilipima mishikaki, nilipima baridi, nilipima hata sauti za kengele za makanisa. Safu ya masomo sikuichora, boksi lilikuwa limeisha. Na chini kabisa upande wa Gisenyi nikaandika GESI, kwa herufi kubwa.

Jumapili moja Mwalimu Kalisiti akatualika kwake baada ya misa, mimi na Verediana, mwenzangu wa darasa aliyeuza vitenge mchana, tukutane na rafiki yake anayefundisha kile chuo cha Gisenyi. Jina lake Bwana Donati. Barabara ya Ruhengeri haikupitika siku zile, kwa hiyo mzee wa watu alizungukia Kibuye, siku mbili njiani, na kila kizuizi askari wakimfungulisha kifurushi alichokipakata. Ndani ya kifurushi mlikuwa na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakavu, zawadi kwa nyumba. Mama Dativa, mke wa Mwalimu, akawakaanga kwa vitunguu, harufu ikafika mpaka barabarani, na jamaa wa nyumba wakajaa sebuleni.

Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo tu. Nikasema moyoni, mgeni nitamsikiliza, samaki wake sili. Kichwa changu kilikuwa na shule ya miaka minne ndani, na kile nilichokisoma baada ya misumari nilikihitaji chote. Kila nikipewa sambaza nikawa napeleka mkono mdomoni, halafu mkono unashuka taratibu mfukoni. Koti lenyewe si langu, la bosi wangu, na mfuko (bosi hakunitajia hili) ulikuwa umetoboka.

Mwalimu akaniita nisimame nimsalimie mgeni. Nikasimama, nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko kama mtoto aliyelelewa, nikainama vizuri. Sambaza mmoja akatokea kwenye upindo wa koti, akatua juu ya kiatu cha Bwana Donati. Kisha wa pili. Kisha wakaja kama kumi na tano pamoja, kama wameitwa.

Mama Dativa akawatazama samaki, akanitazama mimi.

"Weye, hii samaki imekukosea nini?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba ukaweka akiba kwa koti?"

Wachache wakacheka. Lakini shangazi yake Mwalimu, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Aliweka sahani chini. Mnajua kwetu: chakula kilicholetwa na mgeni, ukikificha usikile, umesema neno moja tu, na neno hilo halitamkwi. Shangazi akaomba maziwa. Kibuyu kikaja. Akanywa, akampa jirani yake, jirani akanywa, na kila aliyepokea alikunywa kwa haraka kuliko aliyetangulia, watu wazima wanane wakimeza maziwa kama ndama, sahani zote zikiwa chini. Bwana Donati amekaa anatazama kibuyu kinavyomzunguka.

Ningenyamaza. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikunyamaza. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Shangazi, mimi sijasema ina sumu."

Hakuna aliyekuwa amelitaja hilo neno, nimelileta mimi mwenyewe nikaliweka juu ya meza.

Bwana Donati akainuka, akachukua sinia, akaliweka magotini, akaanza kula. Alikula sambaza mmoja baada ya mwingine, na vichwa vyao, bila haraka, mtu wa siku mbili njiani, macho mekundu kwa vumbi. Alikula mpaka sinia likabaki mafuta. Kisha akapangusa vidole.

"Sasa kijana. Uliogopa mkono wangu?"

"Hapana, mzee. Niliogopa ziwa."

Nikaeleza yote, gesi, shemeji wa Kasiani, saba mara nane. Nilitegemea watacheka, ingekuwa heri. Verediana peke yake maziwa yalimtoka puani.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama kuna mwenye swali kwa mgeni aulize. Verediana akajifuta, akauliza: kutoka chuoni mpaka sokoni ni mwendo gani kwa miguu, kiangazi maji wanateka wapi, na siku hizi njia ya kushuka mjini inafungwa saa ngapi. Bwana Donati akamjibu moja moja, uso ukimrudia rangi. Mwalimu akavuta karatasi akaandika barua pale pale. Jina sikuhitaji kulisoma.

Butare nako sikwenda, kodi ya chumba ilinishinda, nikarudi kwenye misumari. Mwalimu na Mama Dativa hawapo tena, na wengi walioshika kile kibuyu hawapo, kwa hiyo hakuna wa kunitania, na aibu inayobebwa na mtu mmoja ni nzito kuliko ya watu wanane. Niliapa siku ile, na kiapo nimekitunza: nikipewa chakula ninakula, hata kama kimetoka ndani ya tumbo la volkano, na habari ya mji nitamwuliza anayelala huko.

Kesho yake asubuhi desturi ilinibana, mgeni husindikizwa, nikambebea begi mpaka kwenye basi. Tulipofika akapokea begi lake.

"Gesi ipo," akasema. "Iko chini kabisa ya ziwa, na haijamsahaulisha mtu kitu. Lakini chuo chetu kiko juu mlimani, kijana. Kushuka ziwani ni nusu siku kwa miguu. Ukiwa chuoni, ziwa hulioni."