Kabla Hujaniambia: Marlys na Mpishi Asiyeweza Kumkatiza Mtu

Ni saa mbili asubuhi na Marlys Tollefsrud ameshaanza kulia. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, katika chumba cha chini cha kanisa la Chuo cha Bekkelund, begi la vitabu mgongoni na kofia ya timu ya magongo imeshushwa hadi kwenye nyusi. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Leo ni msichana wa mwaka wa kwanza.

Mbele yake limekaa pande la mtu, Kermit, mkuu wa watunza bustani, na mikono yake haijui iende wapi.

"Kuna mtu kanifanyia vibaya Jumamosi," Marlys anasema, sauti inakatika.

"Nani huyo?" Kermit anafoka. "Hebu nitajie jina, nikamng'oe meno!"

Marlys anavua kofia. Machozi yamekatika palepale, kama mtu kafunga bomba. "Asante, Kermit. Sasa tuna kesi mbili, na ya pili ni yako."

Chumba kinaangua kicheko. Kermit anarudi kwenye kiti chake masikio yakiwa mekundu, na mtu anamsukumia sahani ya keki ya chokoleti kumpoza.

Hiyo ndiyo kazi ya Marlys. Kila Agosti, kabla wanafunzi hawajarudi, huwafundisha wafanyakazi wa chuo la kufanya pale mwanafunzi anapowajia na habari kwamba amedhalilishwa kingono. Huwafundisha wapishi, wafagiaji, makocha, wakutubi na hata fundi wa mabomba. Sheria ya Marekani, ile inayoitwa Kifungu cha Tisa, inakitaka chuo kishughulikie habari hizo kwa haki, kwa anayelalamika na kwa anayelalamikiwa. Na kanuni ya Bekkelund yenyewe inasema kwamba karibu kila mfanyakazi akiambiwa, lazima aifikishe ofisini kwa Marlys. Wenye ruhusa ya kunyamaza ni mchungaji, muuguzi na mshauri, basi.

Mtu angedhani ni mafunzo ya nusu saa, kahawa kikombe kimoja, kila mtu kwao. Kumbe yote yanakwama kwenye sentensi moja: "Kabla hujaniambia, ujue siwezi kuifanya siri. Itabidi nimwambie Marlys."

Inatakiwa isemwe kabla. Yaani mtoto amekuja, midomo inatetemeka, ndio anafungua kinywa, na wewe unamsimamisha.

Sasa jaribu kufundisha jambo hilo hapa Aldersund, Minnesota. Hapa wageni huagana mlangoni nusu saa nzima kwa kuogopa kuwa wa kwanza kugeuza mgongo. Kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, hadi inabaki chembe ambayo hakuna anayethubutu kuila. Kumkatiza mtu anayeongea ni sawa na kumkanyaga mguu makusudi.

"Nawafundisha watu wema wawe na adabu mbaya," anasema Marlys. "Na hawataki, jamani. Hawataki kabisa."

Yeye mwenyewe adabu hiyo ilishamtoka zamani. Kwa miaka kumi na tisa alipokea simu za dharura za wilaya. Mtu anapiga kelele kwamba nyumba inawaka, yeye anamkata: nyamaza, kwanza niambie uko wapi. Alizoea hivyo hadi nyumbani.

"Tumeoana miaka thelathini na moja," anasema Duane, mumewe, mfugaji wa bata mzinga, "na bado sijawahi kumaliza—"

"Kahawa iko jikoni, Duane," anasema Marlys.

Chuo kinamlipa dola elfu arobaini na sita kwa mwaka, pungufu ya alizokuwa akipata kwenye simu. Alikuja kwa sababu ya masikio yake, anasema. Upande wa kulia umechoka na kelele.

Sababu ya ukali wake ilitokea masika ya mwaka jana. Kocha mmoja kijana, mtu mwema kupita kiasi, aliambiwa jambo na mchezaji wake. "Siri yako iko salama kwangu," akamwahidi. Usiku usingizi ukamkimbia, kulipokucha akaenda kutoa taarifa kama kanuni inavyotaka. Yule binti alipopokea ujumbe wa ofisi alijua mara moja nani kasema. Hakujibu. Wiki iliyofuata wazazi wake walikuja na gari dogo la mizigo, wakachukua vitu vyake.

"Lililompata kwanza sikuweza kulizuia," anasema Marlys, na safari hii machozi hayafungiki kama bomba. "Lile la pili tulimfanyia sisi. Kwa wema wetu."

Tangu hapo aliapa: haweki sahihi kwenye fomu ya mafunzo ya mtu yeyote hadi aisikie sentensi ile ikitoka kinywani mwake, kabla na si baada. Asiyepata sahihi hakai mahali penye wanafunzi.

Ndipo akakutana na Verlyn Haugdahl.

Verlyn ni mpishi wa mayai katika bwalo la chuo. Ana miaka sitini na mmoja, mrefu, mwembamba, maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Kwa miaka ishirini na mbili amesimama nyuma ya kikaangio chake akiwakaangia wanafunzi vimanda, nao, hakuna ajuaye kwa nini, humwambia kila kitu. Humwambia wamefeli kemia. Humwambia baba amehama nyumbani.

"Huwa unawajibu nini?" mwandishi wa makala haya alimuuliza.

Verlyn alifikiri. "Huwauliza kama wanataka kitunguu."

Katika chumba cha chini cha kanisa, mtu huyu alifeli vibaya sana.

Mara ya kwanza Marlys aliketi mbele yake, begi mgongoni, akasema, "Verlyn, naweza kukuambia kitu? Usimwambie mtu."

"Sema, mwanangu," alijibu Verlyn.

Amefeli. Watu waliguna kwa huruma.

Mara ya pili alijitahidi. Alikaa wima, akamtazama Marlys usoni, jasho linamtoka, akasema, "Kabla hujaniambia..." na yote yaliyofuata, neno kwa neno. Kermit alianza kupiga makofi. Lakini Marlys anaijua kazi yake. Aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Basi, haina shida," akasimama na kuelekea mlangoni.

Verlyn aliruka kwenye kiti. "Basi, basi! Rudi ukae! Simwambii mtu!"

Marlys alivua kofia taratibu. Hilo ndilo kosa la yule kocha, na Verlyn alilijua kabla hajaambiwa.

"Akiondoka je?" aliuliza.

"Anaondoka akijua," alisema Marlys.

"Anaondoka na njaa," alisema Verlyn.

Marlys alimweleza tena, kama alivyowaeleza wote. Taarifa ikifika ofisini, hakuna polisi anayetumwa bwenini. Yeye humwandikia mwanafunzi ujumbe mmoja: nipo, msaada upo, ukitaka kulalamika rasmi njia ni hii, usipotaka ni hiari yako. Na hakuna anayehukumiwa kwa maneno ya jikoni. Verlyn alisikiliza hadi mwisho, maana yeye hakatizi mtu.

"Nimeelewa," alisema. "Ila mdomo wangu umekataa."

Ilikuwa Jumatano. Wanafunzi walikuwa wanarudi Jumamosi. Meneja wa bwalo alishasema, kwa masikitiko, kwamba asiye na sahihi atahamishiwa chumba cha kuoshea vyombo, nyuma kabisa, kwenye mvuke na mashine. Verlyn alimjibu kwamba kama ni hivyo, yeye anastaafu. Hakusema kwa hasira. Hata kisu chake alikuwa ameshakifunga kwenye taulo.

Siku ile Marlys alipigiwa simu na watu wengi kuliko alivyowahi kupigiwa kwenye dharura. Kermit alimwambia, "Mama wee, mwekee sahihi tu, nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema Marlys. Lakini usingizi haukuja. Duane anasema mkewe alinyamaza chakula chote cha jioni, na yeye akapata nafasi ya kumaliza sentensi tatu, ila hakuzifurahia.

Ijumaa asubuhi Verlyn hakutokea kanisani. Aliagiza neno kupitia kwa Kermit: kama Marlys anataka kumsikia, amfuate jikoni.

"Nilikasirika," anakiri Marlys. "Nikasema, huyu mzee ananichezea." Akabeba begi lake na kofia yake, akavuka uwanja wa majani hadi bwaloni.

Bwalo lilikuwa tupu. Verlyn alikuwa amesimama mahali pake, aproni shingoni, kikaangio kimewashwa. Marlys akachukua sahani, akasimama upande wa pili wa kaunta, bega lake limeelekea dirishani.

"Kitunguu?" aliuliza Verlyn, akivunja yai.

"Ndiyo."

"Uyoga?"

"Kidogo."

"Na mimi nikiambiwa jambo zito, mtu kakuumiza, namwambia Marlys. Hilo ulijue kabla. Jibini?"

Marlys anasema mwiko wa Verlyn haukusimama hata kidogo. Hakumtazama. Alikuwa anatazama yai, naye Marlys akajikuta anatazama yai lilelile, na hapo ndipo alipogundua jambo lililomfanya acheke peke yake.

Watu wa Aldersund wakiwa na neno zito hawaketi uso kwa uso. Hulisema garini, wote wanatazama barabara. Hulisema wakivua samaki kwenye ziwa lililoganda, wote wanatazama tundu la barafu. Duane alimposa wakiwa wanaosha matrekta. Na yeye, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa amewapanga watu kwenye viti vya plastiki, magoti yanakaribia kugusana, macho kwa macho, kisha akashangaa ndimi zinawagandia!

Lakini mtihani ulikuwa haujaisha. Alishusha kofia, akasema kwa sauti ya yule msichana, "Basi, haina shida." Akasogea kama mtu anayeondoka.

Mwiko wa Verlyn ulisimama. Marlys aliuona. Yai likaanza kushika chini.

"Sawa," alisema Verlyn hatimaye. "Mchungaji yuko mlango wa kijani, nyuma ya kanisa. Yeye kanuni inamruhusu kunyamaza. Na kimanda chako hiki hapa, kimeungua kidogo. Kesho nipo."

Marlys alikula kimanda chote, akiwa amesimama, kisha akaweka sahihi.

Muhula ulipoanza, Verlyn hakusubiri mtu aje na midomo inayotetemeka. Alimwambia kila mmoja kwenye foleni, wachezaji wa magongo, watoto wa kwaya, wote: kitunguu, uyoga, nikiambiwa namwambia Marlys, jibini. Wiki ya pili wanafunzi walikuwa wanamtangulia. "Kitunguu ndiyo, uyoga hapana, unamwambia Marlys, jibini nyingi!" Walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Ila moyoni aliogopa. Wiki nzima ilipita, na nyingine, na ya tatu. Waliendelea kumwambia habari za kemia. Kwa jambo zito, kimya. "Nimewafukuza," alimwambia Marlys. "Umenipa mdomo, umeninyang'anya masikio." Marlys anasema kauli hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Mwandishi alipomtembelea ofisini mwishoni mwa Septemba, viti vya plastiki vilikuwa vimerundikwa kwenye korido, vinasubiri kuchukuliwa. Marlys hataki kuviona tena. Mpango wake ni kuwafuata watu kazini kwao: Kermit juu ya mashine ya kukatia majani, dereva ndani ya basi lake. Na Januari ziwa likiganda, atawapeleka mafundi wote kwenye kibanda cha kuvulia samaki, kila mtu na ndoano yake, na sentensi isemwe kwenye tundu.

"Duane ameniomba nisiwe naongea sana, nitawafukuza samaki," anasema.

Na tumaini lake?

"Kwamba mtu atajua yote mapema," alisema, "halafu aje hivyohivyo. Nikimwona mmoja tu—"

Mlango uligongwa. Si kwa nguvu.

Marlys alisimama. Alifungua mlango upana wa kiganja, akachungulia, akaufunga tena. Aliporudi sura ilikuwa nyingine kabisa, nyororo, na alikuwa ameshachukua daftari la mwandishi na kumkabidhi mkononi.

"Mahojiano yamekwisha," alisema. "Na kabla hujaniuliza, siwezi kukuambia."

Kwenye korido, juu ya benchi la mbao, alikuwa ameketi Verlyn, aproni shingoni, ananuka kitunguu. Mapajani alishika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele. Pembeni yake kulikuwa na mtu, naye anatazama ukuta huohuo. Mwandishi aliinamisha macho sakafuni, akapita.

Bwaloni, kikaangio kilikuwa kimezimwa katikati ya kifungua kinywa. Watu wa zamani wanasema halijawahi kutokea. Foleni ilikuwa bado imesimama, sahani mikononi.

"Verlyn yuko wapi?" aliuliza kijana mmoja aliyekuja mwisho.

Hakuna aliyecheka. Msichana aliyekuwa mbele yake alichukua bakuli, akamsogezea kornfleksi.

"Anarudi," alisema. "Kula hizi leo."