Kinu cha Mama na Mwanamke wa Chuma

Kinu kilitoka Mahenge. Bibi alimpa mama alipoolewa, na mama akanikabidhi mimi mlangoni kwetu Mlabani kwa sharti moja: kirudi kizima, na kisitwangwe kitupu. Kwetu, kutwanga kinu kitupu ni kuita njaa. Tena mchi unaopiga mbao tupu hukipasua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa fizikia alituambia kwamba kule Kidatu umeme wote ni nguvu ya maji tu, basi na sisi tutafute kitu cha kusukumwa na maji. Tukaunda sanamu ya mwanamke anayetwanga katika kinu hicho cha mama: kiwiliwili cha pipa, mikono ya mabomba, na gurudumu la baiskeli lililofungwa makopo, likizungushwa na mfereji wa mashamba ya mpunga. Uso wake haukuwa na tabasamu. Tukamwita Mama Mkwe.

Hofu yetu ilikuwa moja: je, asipotwanga siku ya wazazi? Tulimpaka grisi, tukaongeza makopo. Hakuna aliyewaza namna ya kumsimamisha. Wakati wa majaribio maji yalikuwa haba, na alichoka mwenyewe.

Alfajiri ya siku yenyewe mvua ilinyesha milimani, na mfereji ukafurika. Mgeni wa heshima alipoketi, tuliondoa ubao uliozuia maji. Mama Mkwe alianza kwa upole, kisha akashika kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama mpunga ukiruka nje ya kinu, kwanza punje, kisha viganja vizima. Wavulana walirudisha ubao, maji yakaubeba; wakarukia mferejini na kuanza kuziba kwa udongo na vipande vya migomba. Mlio wa kinu ukawa mkavu.

Mama alinyanyuka kwenye viti vya wazazi. Alipita mbele ya mgeni wa heshima bila kumtazama, akapiga magoti kando ya kinu, akawa anachota mpunga uliomwagika na kuurudisha, mkono ukiingia na kutoka kati ya pigo na pigo. Wanawake wawili hutwanga hivyo kila siku, lakini mwenzako anakuona. Huyu wa chuma hakuwa na macho.

"Mama, toa mkono," nilisema.

"Usinisemeshe, mwanangu. Utanipotezea mapigo."

Niliubana mkono wangu mwenyewe kwapani, kama vile ndio uliokuwa kinuni.

Hatimaye gurudumu lilipunguza mwendo, likasimama. Mama alizamisha mkono hadi chini, vidole vikazunguka polepole. Vikafika mahali vikasita, vikarudi, vikapapasa tena palepale, kama vinavyotafuta ufa. Watu bado walikuwa wanashangilia. Mimi niliutazama uso wake tu.

Akatoa kiganja cha mchele uliochanganyika na pumba, akaupuliza.

"Kalete ungo," aliniambia. "Huyu Mama Mkwe wenu hapeti?"